Vakansi juu ya ziwa: kabla ya kupandisha watoto kwenye boti ya Bukavu



Masomo yamefungwa. Kadi za pointi zimetoka, waliopita wamepita, wenye kurudia mitihani wanajijua. Sasa ni juma la pili katika mkutano wetu wa siku ya posho swali linarudi lile lile: watoto waende Bukavu namna gani? Bibi anawangoja, mashangazi wamekwisha kupiga simu, na kwa jamaa nyingi za hapa Goma safari hiyo ndiyo vakansi yote ambayo mtoto atapata mwaka huu. Barabara ya kupitia Sake, Minova na Kalehe inachosha, na mtoto anafika na vumbi hadi ndani ya masikio. Kwa ziwa ni kilometa 100 hivi, upepo mzuri, na milima pande zote.

Tunapenda safari ya boti. Wengi wetu tuliifanya tukiwa wadogo, tukiwa tumelala juu ya magunia, na hadi leo tunakumbuka harufu ya mafuta ya mashine pamoja na ndizi zilizoiva. Lakini tunawaandikia juma hili kwa sababu tunajua namna mama anavyofanya hesabu. Anaweka pesa mezani, anahesabu watoto, anaona hazitoshi kwa boti nzuri, halafu anasema: basi, wapande ile nyingine, Mungu atawalinda. Mungu awalinde, amina. Ila tuongee kidogo juu ya ile nyingine.

Mwezi wa nne 2019 boti ilizama upande wa Kalehe, na watu wapatao 150 hawakuonekana tena. Rais Tshisekedi alikuja kufariji jamaa, na tangu hapo ikaamriwa kila msafiri wa ziwani avae jile ya kuokoa maisha. Miaka mitano ikapita. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024 boti iliyotoka Minova ilipinduka mbele ya Kituku, karibu kabisa na nchi kavu, watu wa ng'ambo wakitazama. Vita vilikuwa vimefunga barabara, kila mtu alitaka kupita majini, na boti ilikuwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake. Makumi walikufa. Kati yao kulikuwa na wachuuzi wa sokoni kama sisi, na watoto.

Mwanzo wa 2025 vita viliingia Goma, kisha Bukavu, boti zikasimama kwa muda, halafu zikaanza tena. Kwa hiyo la kwanza kabisa ni kuuliza hali ya juma lile lile unalotaka kusafiri. Uliza bandarini kwenyewe na uliza aliyefika jana. Habari ya mwezi uliopita haikusaidii.

Boti gani?

Ziwani petu kuna namna tatu. Kuna kano rapide, zinazofika kwa saa tatu hivi, bei yake kali. Kuna boti kubwa za abiria, zenye madaraja na kabini, za mchana au za usiku. Na kuna boti za mbao za masoko, zinazobeba makala, maharagwe, kreti za bia, mbuzi, na watu juu ya hayo yote.

Hizo za tatu hatuzitukani, zinalisha mji. Bila hizo Goma isingekula. Lakini si mahali pa kuweka mtoto anayekwenda vakansi. Mzigo ukiwa juu sana, boti inakuwa na kichwa kizito. Wimbi dogo la ubavuni linatosha. Jamaa ikikosa pesa za boti nzuri kwa watoto wote, maoni yetu ni haya, hata kama hayapendezi: waende wawili mwaka huu, wengine wawili mwaka kesho. Watalia. Mwache alie. Au wote wabaki, na pesa hizo ziwanunulie siku moja ya kupumzika pwani hapa hapa, na samaki wa kukaanga.

(Watakaobaki na kushuka pwani za magharibi ya mji, wasisahau mazuku. Ile hewa mbaya inayotoka ardhini ni nzito, inakaa mashimoni na mabondeni, zaidi asubuhi mapema kabla upepo haujaamka. Haionekani. Mtoto asitumwe kufuata mpira ndani ya shimo, na ukiona ndege au mbuzi aliyekufa hapo bila sababu, rudisha watoto juu haraka.)

Kwa wenye watoto wadogo, kati ya kano rapide na boti kubwa ya mchana sisi tunachagua boti kubwa. Inachelewa, ndiyo, lakini mtoto anaweza kusimama, kutembea, kwenda chooni, kuona. Kwenye kano rapide amefungwa kwenye kiti, na ziwa likichafuka anarukarushwa hadi anatapika. Kumbukeni pia kwamba mwezi wa saba na wa nane ndiyo kiangazi, upepo wa kusini unapiga kwa nguvu. Boti ya asubuhi mara nyingi inakuta maji yametulia kuliko ya alasiri.

Tiketi inunuliwe kwenye ofisi ya boti yenyewe, na jina la kila mtoto liandikwe, hata la yule wa miezi mitatu. Vijana wanaouza tiketi njiani watakuambia, "Mama, mdogo huyo hana haja ya kuandikwa, atakaa juu ya miguu yako." Msiwakubalie. Boti ikipata shida, orodha ile ndiyo watu watakayoitumia kutafuta, na mtoto asiyeandikwa hatafutwi na mtu.

Kabla ya kupanda, tazameni ubavu wa boti. Nyingi za chuma zina alama ya rangi inayoonyesha mwisho wa mzigo. Maji yakiwa yameifunika alama hiyo, boti imejaa kupita kiasi, na hakuna maneno ya kapteni yatakayobadilisha hilo. Kazi hii mpeni kijana wenu wa miaka 14. Vijana wanapenda kukamata makosa ya watu wazima, acheni wafanye hivyo kwa faida.

Jile ni ya kuvaa

Mwaka mmoja, kwenye boti ambayo hatutaitaja, mama mwenzetu alifika na watoto sita, wanne wake na wawili wa dada yake. Akauliza jile. Akaonyeshwa rundo limefunikwa kwa hema, limefungwa kamba, na mwenye kufungua amekwenda kula. Mama akaketi bandarini na watoto wake wote, akakataa kupanda. Watu wakamzomea. Kapteni akashuka mwenyewe.

"Mama, unatuchelewesha."

"Kapteni, mtoto wangu, heri nichelewe na watoto sita kuliko niwahi na wanne."

Yule mtu akatafutwa, hema likafunguliwa, na wamama wengine waliokuwa wamekwisha kukaa wakaanza kuomba pia. Boti iliondoka robo saa baadaye. Hakuna aliyekufa kwa ajili ya robo saa ile.

Sasa, kumvalisha mtoto jile si kumwekea tu shingoni. Funga mikanda yote. Mwambie ainue mikono juu, kisha shika jile kwenye mabega na uivute juu. Ikipanda hadi kufunika kidevu na masikio, ni kubwa. Ndani ya maji mtoto ataponyoka kwa chini na jile itaelea peke yake. Jile ya mtoto mdogo inatakiwa kuwa na mkanda unaopita kati ya miguu. Boti nyingi zina za watu wazima tu, kwa hiyo ulizeni siku ya kununua tiketi, wakati bado mnaweza kwenda kwa boti jirani. Katika chama tumeanza kuweka pesa kidogo kidogo ili kununua jile chache za watoto, ambazo jamaa itaazima na kurudisha. Tutawaambia zikipatikana.

Na mtoto wa mgongoni. Hili tunalisema kwa nguvu. Mama anafunga mtoto kwa kitenge, halafu anavaa jile juu yao wote wawili. Anaona amewalinda. Lakini jile imeshonwa ili kumgeuza mtu uso juu, mgongo chini: mtoto yuko wapi basi? Chini ya maji, amefungwa. Ndani ya boti mtoto mchanga abebwe mbele, mikononi, kitenge kikiwa kimefunguliwa, na awe na jile yake mwenyewe kama inapatikana ya kipimo chake.

Jile ivaliwe tangu kuondoka hadi kufika. Hasa wakati wa kufika. Boti inapokaribia, watu wanasimama, wanatafuta mizigo, wote wanakimbilia upande mmoja kuwaita jamaa zao. Hapo boti inalala ubavu. Wafundisheni watoto sheria moja ya nyumba: hatuinuki mpaka kamba zimefungwa. Bibi anayewangoja ng'ambo hataondoka.

Mambo ya kuona njiani

Tukimaliza ya kuogopesha, tuje kwenye utamu, maana mtoto asiye na kazi ndani ya boti anachoka baada ya nusu saa, na kijana anazama ndani ya simu.

Mkiondoka Goma, waambieni wageuke nyuma. Nyiragongo iko pale, mita 3,470, na siku ya mawingu machache mtaona moshi wake. Wenye miaka 12 na zaidi wanakumbuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021, tulipokimbia usiku mbingu ikiwa nyekundu. Wadogo hawajui kwamba mwaka 2002 moto ule ulipita katikati ya mji hadi ukaingia ndani ya ziwa. Kuwaonyesha mlima wote kutoka majini, na njia ambayo moto ulishuka, ni somo ambalo hakuna ubao wa darasa unaoweza kulitoa.

Kisha waulizeni: maji haya yanakwenda wapi? Wengi watasema hayaendi popote. Zamani sana mito ya huku ilikwenda kaskazini, lakini milima ya moto ikajenga ukuta, maji yakajaa nyuma yake, yakatafuta njia ya kusini. Leo yanatoka Bukavu kwa mto Ruzizi, yanashuka hadi ziwa Tanganyika karibu na Uvira. Tanganyika nayo inatoka Kalemie kwa mto Lukuga, Lukuga inaingia Lualaba, na Lualaba ndiyo mto Kongo wenyewe, unaopita Kisangani, Kinshasa, hadi bahari kule Banana. Mtoto anayetupa ganda la ndizi katika ziwa Kivu analituma kwenye njia ya Kinshasa. (Asilitupe hata hivyo. Mfuko wa taka uwe tayari.)

Katikati ya ziwa kuna Idjwi, kisiwa cha pili kwa ukubwa kati ya visiwa vyote vya maziwa ya Afrika. Cha kwanza ni Ukerewe kule Tanzania. Boti ikitia nanga hapo, nunueni nanasi. Tumekula nanasi za kila mahali na tunasema bila aibu kwamba za Idjwi zinashinda. Lakini mtoto asishuke peke yake, maana boti haimngoji mtu.

Wakati wa jioni mtaona mitumbwi ya wavuvi imefungwa mitatu mitatu, na miti mirefu ikitoka mbele na nyuma kama ndevu za kamba. Wanatoka kuvua sambaza kwa taa. Watoto wanashangaa wakisikia kwamba sambaza, chakula chetu cha kila siku, si samaki wa asili wa ziwa hili: waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Bibi wengine wa Bukavu bado wanakumbuka miaka ambayo hakuna aliyewajua. Mwambieni mjukuu amwulize bibi yake hilo akifika.

Na chini kabisa, zaidi ya mita 400 chini ya boti, kuna gesi iliyoyeyuka ndani ya maji. Wanyarwanda wanaitoa na kuifanya umeme upande wa Karongi tangu 2016. Kijana anayependa fizikia atakaa na hilo hadi Bukavu.

Vijana, na mabinti zaidi

Kijana wa miaka 15 hataki kukaa karibu na mama. Ni haki yake, na boti kubwa inampa nafasi. Tunachofanya sisi ni kumpa kazi yenye heshima: mmoja anashika tiketi na karatasi, mwingine anahesabu wadogo kila baada ya saa moja, mwingine anajua mlango wa kutokea uko wapi na anaonyesha wengine. Aliyepewa kazi hakai ukingoni mwa boti akijipiga picha amegeuzia maji mgongo. Hilo la picha tunalikataza kabisa, na wakinuna, wanune.

Wasinywe pombe. Kwenye boti bia inauzwa wazi, na wakubwa wengine wanaona ni mchezo kumnunulia kijana chupa. Mama apite kwenye baa mara moja mapema, awasalimie wahudumu kwa heshima, awaonyeshe watoto wake. "Ndugu yangu, huyu ni mwanangu, usimpe kitu." Inatosha mara nyingi.

Juu ya mabinti hatutazunguka. Boti ya usiku ina giza, ina ngazi nyembamba, ina wanaume waliolewa. Mabinti kadhaa wametuambia mambo waliyofanyiwa njiani kwenda chooni, na walikuwa hawajamwambia mtu nyumbani kwa sababu waliogopa wangekatazwa kusafiri tena. Kwa hiyo tunachagua boti ya mchana kila inapowezekana. Ikiwa lazima usiku, binti haendi chooni peke yake, hata kama ana miaka 17; analala kati ya wamama wawili, au jamaa kadhaa zinachangia kabini moja. Na kabla ya safari mwambie waziwazi: mtu akikugusa, piga kelele, hutatuaibisha, na safari ya mwaka kesho bado ni yako. Neno hilo la mwisho ndilo linalomfungua mdomo. Wawekee pia pedi ndani ya mfuko hata kama siku zake hazijafika. Maji na safari vina kalenda yao.

Tumbo na mfuko

Asubuhi ya safari watoto wale kidogo: mkate mkavu, ndizi, chai isiyo na maziwa mengi. Wanaosumbuliwa na ziwa wakae katikati ya boti, chini, ambapo boti inacheza kidogo, au watoke nje watazame milima ya mbali. Kutazama simu kunaongeza kichefuchefu. Kipande cha tangawizi cha kutafuna kinasaidia wengi. Dawa za kuzuia kutapika wasipewe wadogo bila neno la muuguzi.

Maji ya kunywa mbebe wenyewe. Sombe na bugali vinapikwa ndani ya boti nyingi, na si vibaya, lakini bei inapanda kadiri pwani inavyokuwa mbali. Mbebe sweta, maana upepo wa ziwani asubuhi unauma hata wakati wa kiangazi.

Ndani ya mfuko wa kila mtoto, au kushonwa ndani ya nguo kwa walio wadogo, muwe na karatasi ndani ya plastiki: jina lake, jina la mama na baba, namba mbili za simu, moja ya Goma na moja ya Bukavu. Siku za mlipuko wa 2021 watoto zaidi ya 150 walitengana na jamaa zao katika kukimbia, na wadogo kabisa hawakuweza kusema jina la baba zaidi ya "Papa". Mtoto anayesafiri na shangazi au jirani awe na barua ya ruhusa iliyotiwa sahihi na mzazi, na kopi ya kitambulisho cha mzazi. Maofisa wa bandarini wanaweza kuiuliza, na wana haki: watu wanaopitisha watoto wa wengine wapo. Na mtoto asikabidhiwe kwa "mtu mmoja tunayesali naye" ambaye hamjui nyumba yake.

La mwisho ni juu ya kurudi. Kila mwaka jamaa zote zinarudi katika siku tano zile zile za mwisho wa mwezi wa nane, kabla masomo hayajafunguliwa, na ndizo siku boti zinapojazwa vibaya kuliko zote, maana kila mzazi anasukuma apate nafasi. Nunueni tiketi ya kurudi siku ile ile mnayofika Bukavu, ya juma moja kabla ya wengine. Bibi atanung'unika kwamba mmekaa kidogo. Mwachieni kilo moja ya sukari na sabuni, na mumwambie ni sisi wa chama tuliosema.